Mitatu Juu, Mitatu Chini

Sajini Narelle Voss alinipa dakika kumi, mimi nikampa jibu kwa dakika moja na nusu. Ningekuwa mvivu kidogo siku ile, mambo yasingefika yalikofika.

Ilikuwa Jumatatu ya Januari, saa nane mchana, digrii arobaini na sita kivulini, na kivuli chenyewe cha kutafuta. Kituo chetu cha redio hapa mjini Alice, katikati ya jangwa, ni vyumba viwili na mlingoti. Magari yanayoingia porini hutupigia asubuhi, adhuhuri na jioni, yanasema yapo wapi na yanashika njia gani, na mtu wetu anaandika. Asiyesikika mara mbili, anatafutwa.

Mimi ni fundi wa pale. Redio zangu, kompyuta zangu, feni zangu, na choo kikiziba ni changu pia. Jina langu ni Errol Haddrick, ila hakuna anayeniita hivyo isipokuwa benki. Huku kwetu jina refu linakatwa na jina fupi linaongezewa mkia, basi mimi nimekuwa Haddo tangu darasa la tatu. Nina diploma ya kompyuta ya enzi zile kompyuta moja ilibebwa na watu wawili, mmoja akilalamika.

Adhuhuri ile Shangazi Noreen Swan hakupiga. Saa saba tukamwita, kimya. Saa saba na nusu tukamwita tena, kimya vilevile, ule mlio wa redio kama mafuta yanayokaangwa.

Shangazi, kama nchi nzima inavyomwita, si mtu wa kukaa kimya. Ana miaka sitini na moja, anafanya kazi ya afya kwenye vijiji vya mbali, na kila asubuhi hewani lazima anirushie neno. "Haddo, mkeo amekufulia lile shati lenye madoa ya pai au bado?" Nchi nzima inasikia. Siku hiyo alikuwa anatoka msibani, kilomita mia tatu na ushee kaskazini magharibi, na ndani ya gari alikuwa na kaka yake, mzee Clifton.

Huyo Clifton ndiye aliyefanya sajini aje mwenyewe badala ya kupiga simu. Mzee figo zake zimekufa. Anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ijumaa ile alikuwa msibani, maana aliyekufa ni ndugu yake, na msiba wa ndugu mtu wa huku haukosi hata akiitwa na nani. Kwa hiyo damu yake ilikuwa haijasafishwa tangu Jumatano. Daktari alikuwa ameshasema kwenye simu, kwa sauti ile ya upole wanayotumia wakitaka uogope, kwamba mzee awe kwenye mashine saa kumi na mbili jioni. Siyo kesho. Na kwa joto lile, asinywe maji mengi, na asikose maji. Hebu mpe mtu masharti kama hayo ndani ya gari lililoharibika.

"Haddo," sajini aliniambia, kofia mkononi, jasho linachora ramani mgongoni, "ninayo ndege moja. Tibor yuko uwanjani, injini inanguruma. Watu wa hali ya hewa wanasema ukuta wa vumbi unakuja kutoka magharibi, utafika saa kumi na moja. Akienda upande usio wenyewe hana muda wa kwenda wa pili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Sajini."

"Nataka njia aliyoshika. Sitaki hadithi. Una dakika kumi."

Gwenda, aliyekuwa zamu ya asubuhi na kuongea na Shangazi, ndiye angejibu bila hata kufungua kompyuta. Lakini Gwenda alikuwa amenikabidhi kiti kabla ya saa sita, akaenda kupanda ndege ya Adelaide kumwona mjukuu. Simu imezimwa, yuko juu ya mawingu anakula biskuti. Alipoondoka nilimuuliza kuna la ziada? Akasema, "Kila kitu kimo humo ndani, Haddo. Soma tu."

Soma tu. Basi mimi nina kitu changu cha kusomea, na hapa lazima nikieleze, maana ndicho chenye kesi.

Maandishi yetu ni faili la kila siku, mstari kwa mstari, kila sauti iliyosikika hewani na saa yake. Siku moja inafika mistari mia saba. Ukitafuta jina kwa njia ya kawaida, kompyuta inakutupia mstari wenye jina hilo, mmoja, pweke, kama mtu aliyeshushwa jangwani na basi. Mstari unasema "ndiyo, nimekubali." Umekubali nini? Nani kauliza? Hujui. Ndiyo maana miaka miwili nyuma niliandika programu ndogo, nikaiita Jirani. Haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Unafungua kioo cheusi, unaandika jirani, unaandika neno unalotafuta na faili la siku, na inakuletea ule mstari pamoja na majirani zake, mitatu ya juu na mitatu ya chini. Unaweza kuiambia ilete zaidi, lakini nani hujisumbua? Mitatu inaenea vizuri kwenye kile kioo chetu kidogo. Nilijivunia Jirani kuliko gari langu, ingawa gari langu si kipimo.

Nikaandika: jirani Noreen, na tarehe ya leo. Ukiacha miito yetu ya saa saba isiyojibiwa, ikaleta mara nne. Tatu ni za alfajiri, salamu na matani. Ya nne ilikuwa hii:

*Saa 2:38. Lori la Kurt: tairi limepasuka barabara kuu, anabadilisha.*
*Saa 2:39. Kurt tena: jeki imevunjika. Matusi, sikuandika.*
*Saa 2:40. Watalii, gari jeupe: wanauliza choo kipo wapi.*
*Saa 2:41. Shangazi Noreen: wawili garini. Wamepita Kisima cha Mullaby, wanashika njia ya mashariki kupitia Lango Jeupe.*
*Saa 2:42. Watalii wameambiwa choo ni popote, wachunge nyoka.*
*Saa 2:44. Kurt: nani ana jeki?*
*Saa 2:45. Watalii: nyoka gani?*

"Hii hapa," nikasema. "Mashariki, Lango Jeupe. Baada ya hapo jina lake halipo tena leo nzima."

Sajini akainama, akasoma, akasoma tena. "Una hakika?"

"Jirani hadanganyi."

Nililitamka hivyo hivyo, kwa kinywa hiki. Nikachapa karatasi, nikampa, nikatazama saa ya ukutani. "Dakika moja na nusu," nikamwambia. "Nane na nusu zilizobaki nipe kama likizo."

Hakucheka. Alikuwa ameshapiga simu uwanjani. "Tibor. Mashariki ya Mullaby. Fuata njia ya Lango Jeupe mpaka barabara kuu, kisha rudi nayo." Na mimi, kwa sheria ya kituo, nikaketi kwenye kibodi nikaandika kwenye faili la siku: *Saa 8:12. Haddo amethibitisha, gari la Noreen Swan lipo njia ya mashariki.* Maana gari likipotea, kila linalosemwa ndani ya kituo nalo linaandikwa.

Tukaanza kungoja. Kutoka Alice mpaka Mullaby kwa kile kindege ni kama saa nzima. Sajini alisimama mbele ya ramani ya ukutani. Kwenye ramani, Kisima cha Mullaby ni nukta ya bluu, na kutoka kwenye nukta hiyo njia zinatoka mbili. Ya mashariki inakwenda Lango Jeupe. Ya kusini inafuata bomba la maji la zamani, lile la chuma, hadi Kilima cha Farasi. Kati ya hizo mbili, kufika mwisho, kuna kilomita themanini za mchanga mwekundu na miiba. Nilikiona kidole chake kinaifuata ya mashariki, kinarudi, kinaifuata tena.

"Anaijua nchi hii," nikasema ili kusema kitu. "Hatoki garini. Ukimwacha Shangazi mwaka mzima, utamkuta garini anakulaumu umechelewa."

"Yeye siyo ninayemwogopea," sajini akasema.

Saa tisa kasoro dakika tano mlango ukafunguka, ikaingia keki, na nyuma ya keki akaingia Merle Quilty.

Merle ana miaka sabini na tisa. Alikaa kwenye kile kiti cha redio miaka thelathini na mmoja kabla ya Gwenda, na ndiye aliyemfundisha Gwenda. Amestaafu, lakini kila Jumatatu analeta keki ya matunda, mvua inyeshe au jua liwake, na huku mvua hainyeshi. Kila mtu kwake ni kipenzi, hata wakusanya kodi.

"Nimesikia madukani," akasema, akaweka keki juu ya kipokezi, mahali ambapo nimemkataza mara mia mbili. "Noreen wetu?"

"Noreen na Clifton," nikasema.

"Maskini Clifton. Ndege imeshakwenda?"

"Imekwenda mashariki. Karatasi ile pale."

Akavaa miwani, akaichukua karatasi. Alisoma kama anavyosoma barua ya serikali, midomo inatembea. Alipofika mwisho akaigeuza nyuma. Hakuna kitu nyuma. Akaigeuza tena mbele, akapitisha kidole ukingo wa kushoto, kutoka juu hadi chini, pole pole, kama anatafuta vumbi.

"Haddo, kipenzi," akasema, "ukingo uko wapi?"

"Ukingo gani?"

"Ukingo wa maandishi. Hapa, kabla ya saa. Mbona patupu?"

"Pale palikuwa na uchafu," nikasema. "Vialama. Mtu akigusa kibodi vibaya. Jirani inavikata ili mistari ikae sawa."

Merle akavua miwani. "Vialama vya namna gani?"

"X ndogo ndogo. Msalaba, msalaba. Hapa na pale."

Sijawahi kumwona Merle amekasirika, na hata siku hiyo hakukasirika. Alikaa tu. Ilikuwa mbaya zaidi.

"Kipenzi, huo si uchafu," akasema. "Kitabu cha redio hakifutwi. Tangu enzi za wino. Mtu akisema jambo halafu likabadilika, hulifuti, hulikati. Unaweka msalaba ukingoni, na chini, pale utakapopata nafasi, unaweka msalaba mwingine na unaandika lililobadilika. Jina hurudii. Ukiwa na sauti tano sikioni huna muda wa majina. Zamani tulivuta mstari kwa kalamu, kutoka msalaba mpaka msalaba. Kompyuta zilipokuja mstari haukuwezekana, tukabaki na misalaba. Nilimfundisha Gwenda hivyo. Hakukwambia?"

Hakuniambia, kwa sababu sikumuuliza. Gwenda hatumii Jirani. Yeye husoma faili kwa macho, juu mpaka chini, na mimi miaka miwili nimekuwa nikimtania kwamba anasoma kama anachagua mawe kwenye mchele.

Sajini alikuwa amegeuka kutoka kwenye ramani. "Anasema nini huyu mama?"

"Sajini," nikasema, "ndege isubiri kidogo."

"Ndege haisubiri, Haddo. Iko hewani. Isubiri wapi?"

"Nipe dakika."

"Nilikupa kumi. Ukatumia moja na nusu ukataka likizo."

Nikageukia kioo. Nikafungua Jirani yenyewe, ndani, kwenye maandishi yake, nikautafuta ule mstari unaokata ukingo. Niliukuta. Pembeni yake mwenyewe nilikuwa nimeandika, miaka miwili nyuma, *hapa naondoa takataka*. Nikaufuta. Halafu nikaita tena: jirani, majirani ishirini, Noreen.

Kioo kikajaa. Na sasa mistari ilikuwa na ukingo.

*× Saa 2:41. Shangazi Noreen: wawili garini. Wamepita Kisima cha Mullaby, wanashika njia ya mashariki kupitia Lango Jeupe.*

Msalaba ulikuwa pale umekaa, mdogo, wa haki kabisa. Nikashuka. Watalii na nyoka wao. Kurt na jeki. Mtu anauza trela. Kurt anatukana. Mistari kumi, kumi na mmoja, kumi na miwili.

*× Saa 3:06. Lango limefungwa kwa mnyororo, wamerudi Mullaby. Wanashika njia ya bomba, kusini. Maji lita ishirini. Mzee amelala.*

Hakukuwa na jina. Ndiyo maana jina lake halikuonekana tena leo nzima.

Merle alikuwa begani kwangu, ananukia iliki na poda. "Huo hapo," akasema polepole.

Sajini naye akasoma. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno. "Mmefunga wenyewe mlango, sasa mnaniambia kuna dirisha," akasema. "Nitajuaje kwamba hii ya chini ni yake? Kwa nini isiwe ya huyo mwenye lori? Naye anatangatanga huko huko. Hamna jina hapa."

"Kurt yuko peke yake," nikasema. "Hapa wanasema 'wamerudi'. Na mzee ni nani mwingine?"

"Kurt ana miaka sabini na mbwa wawili," sajini akasema. "Haddo, Tibor amebakiza dakika kumi kufika Mullaby. Nikimgeuza kusini, mashariki hataiona tena leo. Vumbi likishafunga, limefunga mpaka kesho. Nikimgeuza kwa kosa, mzee yule anakufa kwa mdomo wangu. Siyo wako. Wangu. Usinipe 'nadhani'."

Hilo lilikuwa haki yake. Mimi ndiye niliyemwambia Jirani hadanganyi.

"Merle," nikasema, "misalaba inakwenda miwili miwili, siyo?"

"Miwili miwili. Kwa msalaba usio na mwenzake mtu alikatwa mshahara, zamani zangu."

"Basi kama ni ya Kurt, Kurt atakuwa na msalaba wake juu."

Nikamwambia Jirani isitafute jina tena. Itafute msalaba wenyewe, siku nzima, tangu alfajiri, na majirani arobaini kila upande. Nikabonyeza. Kompyuta ile ni ya zamani, ikifikiri inakoroma. Ikakoroma. Feni ya dari ilizunguka. Sajini alikuwa ameshika simu ya setilaiti kifuani, ile inayomfikia Tibor angani, na mkono mwingine umeshika meza.

Mistari ikatoka, mingi, ikapita, ikasimama.

Nilihesabu kwa sauti. Nikarudi juu nikahesabu tena, kidole kwenye kioo, na Merle akahesabu na mimi, kama watoto wa chekechea. Siku nzima, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka Gwenda aliponikabidhi kiti, misalaba ilikuwa miwili tu. Mmoja mbele ya jina la Noreen. Mmoja mbele ya lango lenye mnyororo. Kurt alikuwa na mistari tisa na matusi mengi, na hakuna mmoja wenye alama.

"Miwili," nikasema. "Hakuna mwingine wa kuugombania. Ni wake, Sajini. Yupo njia ya bomba."

Akanitazama. Sijui alitafuta nini usoni kwangu. Mimi najua alichokikuta: mtu mzima, ndevu zina makombo, anayetaka kulia na hana muda.

"Siyo 'nadhani'?"

"Siyo nadhani."

Akainua simu. "Tibor. Kata kusini. Ndiyo, kusini. Fuata bomba mpaka Kilima cha Farasi. ... Nimesema najua nilichosema. ... Kwa sababu sasa tumesoma vizuri, basi."

Akakata simu. Merle alikata keki, akatupa kila mmoja kipande, na hakuna aliyekila. Niliwasha kipokezi upande wa ndege, tukabaki na ule mlio wa mafuta yanayokaangwa.

Saa tisa na robo, hakuna. Saa tisa na dakika ishirini Tibor akasema anaona bomba, hakuna gari. Tisa na nusu akasema magharibi anaona ukuta wa vumbi, mwekundu, kutoka ardhini mpaka mbinguni, umewahi kuliko ulivyoahidi. "Nina dakika ishirini, labda ishirini na tano," akasema. "Baadaye nageuka, mwenye hasira na akasirike."

Sajini akanijia, akasimama karibu, akaongea chini kabisa. "Kilomita ngapi za bomba zimebaki?"

"Thelathini. Hivi."

"Hivi?"

"Thelathini na mbili."

Nikafikiria Shangazi hewani kila asubuhi. Nikafikiria sauti yake ikisema lango limefungwa, tumerudi, tunapita kwa bomba, sauti ya mtu aliyefanya kila kitu sawasawa. Alipiga, akasema, akaandikwa. Gwenda akaweka msalaba wake pale ulipotakiwa kuwa. Watu wote walifanya kazi yao. Halafu nikaja mimi na diploma, nikaona ukingo mchafu.

Saa tisa na dakika arobaini na nne kipokezi kikakohoa.

"Naona kitu," Tibor akasema. "Kinang'aa. Subiri." Mlio. "Boneti. Boneti limefunguliwa. Gari la kijani."

Sajini akafumba macho. "Lake ni kijani," nikasema, ingawa hakuna aliyeuliza.

"Naona mtu mmoja," Tibor akasema.

Mmoja. Merle akanishika mkono, na kwa mtu wa miaka sabini na tisa ana nguvu za fundi bomba.

"Mwanamke. Anapunga gauni jekundu. Siyo alilovaa, alilovaa analo." Mlio, mlio. "Kuna turubai upande wa kivuli. Kuna miguu chini ya turubai." Ndege ilisikika ikizunguka. "Miguu imejikunja. Ameinua mkono. Mzee ameinua mkono. Nashuka, njia ya bomba imenyooka, nashuka."

Merle akaketi juu ya kiti cha Gwenda na kusema, "Haya basi," na akaanza kula keki yake kwa haraka, na machozi yanadondokea kwenye keki.

Tuliyajua mengine baadaye. Jiwe lilipasua tangi la mafuta, na tawi la mti lilikuwa limeng'oa waya wa antena dakika kumi kabla. Shangazi alifanya kama anavyofundisha wengine: kaa na gari, funika mtu, pima maji kwa kikombe. Kaka yake alikunywa vijiko, si vikombe. Tibor aliwapakia wote wawili na kuruka, vumbi liko nyuma ya mkia. Saa kumi na mbili kasoro robo mzee Clifton alikuwa amelala kitandani kwenye mashine, na anamlalamikia muuguzi kuwa chumba kina baridi.

Sajini alivaa kofia. Mlangoni akasimama.

"Yule Jirani wako," akasema.

"Ndiyo, Sajini."

"Mwambie anapoleta majirani, alete na nyuso zao." Akatoka. Merle akasema huo ndio utani wa kwanza wa Narelle tangu aolewe.

Merle naye akaenda zake, nikabaki peke yangu na ukuta wa vumbi uliokuwa umeshafika, madirisha yamekuwa ya machungwa, taa zimewashwa mchana. Simu ikalia. Gwenda, ametua Adelaide, ameikuta simu imejaa.

"Wamepatikana?" akauliza kabla ya salamu.

"Wote wawili. Wazima."

Akashusha pumzi mpaka nikaisikia. Kisha: "Njia ya bomba, siyo? Niliandika."

"Uliandika, Gwenda."

"Niliweka na msalaba."

"Uliweka. Mimi niliukata. Miaka miwili nimekuwa nikiikata yote. Nilidhani ni vidole vyako vinateleza."

"Vidole vyangu," Gwenda akasema. "Haddo, mimi nimepiga chapa miaka arobaini. Nikirudi tutaongea mimi na wewe, na Merle atakuwepo, na utaleta keki wewe."

"Nitaleta."

"Ya kuoka mwenyewe."

Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa, na aliyeionja keki yenyewe atakwambia ilikuwa adhabu ya kituo kizima.

Lakini kabla ya kufunga zamu kulibaki kazi moja. Nilifungua faili la siku, nikapanda juu mpaka saa nane na dakika kumi na mbili. Mstari wangu ulikuwa pale. *Haddo amethibitisha, gari la Noreen Swan lipo njia ya mashariki.* Kwa mtu anayejua kompyuta kama mimi, kuufuta ni kubonyeza mara moja, na hakuna ambaye angejua. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, sitaki kukudanganya.

Nikakisogeza mpaka ukingoni mwa kushoto, nikaweka msalaba.

Halafu nikashuka chini kabisa, chini ya mistari ya miguu iliyojikunja na gauni jekundu, nikaweka wa pili.

*× Saa 11:20. Haikuwa mashariki. Ilikuwa njia ya bomba, na ilikuwa imeandikwa. Aliyesoma hakusoma ukingo.*

Jina sikuliandika. Utaratibu haurudii jina.

Kesho yake saa moja asubuhi hewa ilikuwa safi, na mimi nikiwa kwenye kiti cha Gwenda nikasikia redio ya wodini, ile ya kuazima.

"Kituo, huyu ni Noreen. Nipo hospitali, wawili, kaka yangu anawasalimu na anasema chai ya hapa ni maji ya kuoshea soksi. Haddo, upo?"

"Nipo, Shangazi."

"Nimeambiwa ulinipeleka mashariki."

Nchi nzima ilikuwa inasikiliza. Kurt bila shaka alikuwa anasikiliza, na mbwa wake wawili.

"Nilikupeleka, Shangazi. Dakika hamsini nzima."

Mlio. Mafuta yanakaangwa. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kifuani.

"Basi andika hivi: Haddo amekiri," akasema. "Na weka msalaba, mwanangu. Naweza kubadilisha maneno baadaye."

Nikaandika. Nikauweka.